Anthony van Dyck, Mchoraji wa Mfalme na Makabaila

Katika jiji la New York, nchini Marekani, imo nyumba kubwa ya makumbusho iitwayo Metropolitan Museum of Art, na ndani yake imetundikwa picha ya rangi ya kijana mmoja mwenye cheo, aliyesimama na mbwa wake. Picha hiyo ni kubwa kuliko mlango wa bweni letu: urefu wake ni sentimita 216 na upana wake sentimita 128. Mimi sijaiona yenyewe. Niliyoiona ni nakala iliyopigwa chapa katika kitabu kimoja cha maktaba yetu, nayo haizidi kiganja changu. Hata hivyo ilinivuta nikatafuta habari za mtu aliyeichora, na Mhariri ameniruhusu nizieleze hapa kwa faida ya wasomaji wa gazeti letu.

Kijana yule anaitwa James Stuart, Duke wa Lennox, ndugu wa ukoo wa Mfalme Charles wa Kwanza wa Uingereza. Duke ni cheo cha juu kabisa katika vyeo vya makabaila wa nchi ile. Alizaliwa mwaka 1612, na wakati wa kuchorwa alikuwa na miaka ishirini na kitu. Amevaa nguo nyeusi, shingoni ana ukosi mpana wa kimia, na nywele zake za rangi ya dhahabu zinamfika mabegani. Juu ya joho lake imedariziwa nyota kubwa ya fedha, alama ya Nishani ya Garter aliyopewa mwaka 1633, na yaelekea picha ilichorwa kwa ajili ya kuikumbuka heshima hiyo. Mbwa ni wa kuwindia, mrefu, mwembamba, kiuno kimeingia ndani. Amejiegemeza kwa bwana wake na kuinua pua anamtazama. Inasimuliwa kwamba mbwa huyo aliwahi kumwamsha Duke usiku mtu alipomjia kumwua. Hadithi hiyo siiwekei dhamana. Lakini Duke hamtazami mbwa. Mkono wake mmoja umetua juu ya kichwa cha mnyama, na macho yake mazito yanatuelekea sisi, kama ya mtu aliyeamshwa usingizini akaambiwa habari asiyoitaka.

Nilipomwonyesha rafiki yangu mmoja picha hii, alisema kwamba mchoraji wake alikuwa mtu wa kujipendekeza kwa wakubwa, basi. Alimpa Duke miguu mirefu, akampa mfalme kimo asichokuwa nacho, akapokea fedha zake akaenda zake. Tulibishana mpaka kengele ya kulala ikalia. Rafiki yangu ana hoja, na baadaye katika makala haya nitaleta ushahidi unaomsaidia yeye. Ila mimi naona katika maisha ya Anthony van Dyck lipo jambo zaidi ya hilo.

Alizaliwa tarehe 22 Machi 1599 katika mji wa Antwerp, nchi ya Flanders, ambayo leo ni sehemu ya Ubelgiji na siku zile ilikuwa chini ya Mfalme wa Hispania. Alikuwa mtoto wa saba katika watoto kumi na wawili. Baba yake alikuwa mfanya biashara wa hariri na vitambaa, na mama yake alisifiwa kwa kazi ya kudarizi. Mama huyo alifariki mwaka 1607, mtoto akiwa na umri wa miaka minane. Mimi naamini kwamba mtoto aliyekulia kati ya majora ya hariri, na kumwona mama yake akipitisha uzi wa rangi katika kitambaa, alijua jinsi hariri inavyokunjika na kung'aa kabla hajashika burashi. Katika picha zake zote nguo huonekana kama ukizigusa zitatoa sauti.

Mwaka 1609, alipokuwa na miaka kumi, alipelekwa kuwa mwanagenzi wa Hendrick van Balen, mchoraji wa mji ule. Biashara ya baba yake baadaye ilianguka, ikawa kijana hana budi kutegemea mikono yake mwenyewe. Tarehe 11 Februari 1618, kabla hajatimiza miaka kumi na tisa, aliandikwa kuwa fundi kamili katika Chama cha Mtakatifu Luka, ambacho ndicho kilichokuwa chama cha wachoraji wa Antwerp. Wako wazee huko kwetu wasemao kwamba kuchora si kazi ya kumlisha mtu. Ningependa wazee hao wasome habari za Antwerp, mji ambamo uchoraji ulikuwa na chama chake, kanuni zake na ada zake, sawa na kazi ya uhunzi au ushonaji.

Mchoraji mkuu wa mji ule alikuwa Peter Paul Rubens, ambaye jina lake lilijulikana katika majumba ya wafalme kote Ulaya. Karakana yake ilijaa wasaidizi, na van Dyck akawa mmojawapo. Mwaka 1620 Rubens alifanya mapatano na mapadre wa Shirika la Yesu kuchora picha 39 za dari ya kanisa lao jipya. Katika hati ya mapatano wasaidizi wengine walitajwa kwa ujumla tu, bali van Dyck alitajwa kwa jina lake. Picha zile hazipo tena, kwa kuwa kanisa lilipigwa na radi mwaka 1718 na dari yote ikateketea.

Mwisho wa mwaka huo wa 1620 alivuka bahari kwenda London, akafanya kazi muda mfupi kwa Mfalme James wa Kwanza, akalipwa pauni 100. Mwezi wa Februari 1621 akapewa ruhusa ya kusafiri kwa muda wa miezi minane. Hakurudi Uingereza ila baada ya miaka kumi na mmoja! Sisi wa bweni tukichelewa siku mbili kutoka likizo hutakiwa tueleze kwa maandishi.

Miaka ile aliitumia zaidi katika nchi ya Italia. Alichora matajiri wa mji wa Genova, wake kwa waume, wamesimama mbele ya nguzo ndefu na mapazia mekundu. Huko Rumi wachoraji wenzake waliotoka Flanders hawakumpenda. Wao walizoea kukutana vilabuni kunywa na kufanya kelele. Yeye alivaa hariri, kofia yenye manyoya, mkufu wa dhahabu kifuani, na kufuatwa na watumishi. Walisema anajiona. Pengine kweli alijiona. Lakini alikuwa mwana wa mfanya biashara aliyefilisika, na nadhani aliona mapema kwamba mtu akitaka kuingia katika nyumba za wakuu kwa mlango wa mbele, sharti avae kama mtu wa mlango wa mbele.

Jambo lililonishika zaidi katika safari zake zote lilitokea mjini Palermo, kisiwani Sicilia, mwaka 1624. Liwali mkuu wa kisiwa, Emanuele Filiberto wa Savoy, aliyetawala kwa niaba ya Mfalme wa Hispania, alitaka kuchorwa. Van Dyck akamchora amevaa deraya iliyopambwa, amesimama kwa fahari kamili ya cheo chake. Mwaka ule ule tauni iliingia mjini, na mwezi wa Agosti liwali akafa kwa tauni. Picha yake imo katika nyumba ya picha ya Dulwich, London, na deraya bado inang'aa.

Watu wa Palermo walikuwa wakifa, na milango ya mji ilifungwa. Mwezi wa Julai ilitangazwa kwamba mifupa ya Mtakatifu Rosalia imeonekana katika mlima ulio karibu, na wenyeji wakaitembeza mjini wakiomba wapone. Van Dyck alimchora mtakatifu huyo mara kadhaa. Mojawapo ya picha hizo iko New York katika nyumba ile ile yenye picha ya Duke, na wataalamu walipoipiga eksirei waliona kwamba chini ya rangi kuna uso mwingine, nao ni uso wa van Dyck mwenyewe. Alikuwa ameanza kujichora. Akakichukua kitambaa kile, akakigeuza, akachora juu yake mtakatifu akiwaombea wagonjwa. Siwezi kusema ni kwa kukosa kitambaa kingine au kwa sababu nyingine. Lakini rafiki yangu asemaye kwamba mtu huyu alijipenda na kuwapenda wakubwa tu, namwomba aifikirie picha hiyo.

Katika mji huo huo, tarehe 12 Julai, alikwenda kumwamkia bibi mmoja mchoraji, Sofonisba Anguissola, ambaye zamani alikuwa mchoraji katika jumba la Mfalme wa Hispania. Alikuwa amepita miaka tisini na macho yake yalikuwa yamefifia. Van Dyck alimchora kwa wino katika daftari lake la safari, na pembeni akaandika mazungumzo yao. Bibi alimshauri kwamba anapomchora mtu asiweke nuru juu mno, maana vivuli vikishuka usoni, makunyanzi ya uzee huonekana kupita kiasi. Daftari hilo limehifadhiwa London katika British Museum. Mimi nayaona mashauri hayo kuwa ya hekima na ya huruma pia. Bibi hakumwambia ayafute makunyanzi. Alimwambia aihamishe taa.

Alirudi Antwerp mwaka 1627. Mwaka 1630 akafanywa mchoraji wa jumba la Isabella, binti mfalme wa Hispania aliyetawala Flanders, kwa mshahara wa gilda 250 kwa mwaka. Alikuwa mchoraji wa ikulu katika nchi yake, jina analo, kazi tele. Hata hivyo mwaka 1632 akahamia Uingereza, kwa kuwa Mfalme Charles wa Kwanza, mwana wa James, alipenda picha kuliko mfalme yeyote wa nchi ile kabla yake. Tarehe 5 Julai mwaka huo mfalme akampa cheo cha Sir, kisha mkufu wa dhahabu wenye sanamu yake, nyumba ya Blackfriars kando ya mto Thames, na ahadi ya pauni 200 kwa mwaka. Mfalme mwenyewe alikuwa akija kwa mashua kumtembelea na kutazama kazi.

Hapa naleta ule ushahidi niliouahidi. Charles alikuwa mfupi, kimo chake kadiri ya futi tano na inchi nne, na ulimi wake ulikuwa na kigugumizi. Katika picha za van Dyck hakuna ufupi wala kigugumizi. Mwaka 1633 alimchora juu ya farasi mkubwa mweupe akipita chini ya tao, na mtazamaji humtazama kutoka chini. Miaka michache baadaye alimchora ameshuka kutoka kwa farasi wake mwindoni, mkono kiunoni, na farasi mwenyewe ameinamisha shingo hata kichwa chake kisimpite mfalme. Picha hiyo iko Louvre, mjini Paris. Malkia Henrietta Maria naye alichorwa mara nyingi, mzuri wa kupendeza. Sophia, mpwa wa mfalme, alikuwa amezoea kuona picha hizo. Alipokutana na malkia mwenyewe huko Uholanzi alishangaa kumwona mwanamke mfupi, mikono mirefu iliyokonda, mabega hayalingani, na meno yametoka mbele. Aliandika hayo katika kumbukumbu zake alipokuwa mtu mzima. Basi rafiki yangu na afurahi.

Lakini tuangalie namna picha zilivyotengenezwa. Habari hizi zilitoka kwa Jabach, tajiri wa benki kutoka mji wa Cologne, ambaye van Dyck alimchora zaidi ya mara moja, nazo zilipigwa chapa mwaka 1708. Kila mtu aliyetaka kuchorwa alipewa siku na saa yake. Van Dyck hakumchora mtu kwa zaidi ya saa moja kwa mara moja. Saa ilipotimia alisimama, akainama kwa adabu, akapatana naye siku nyingine. Mtumishi akaja kuosha burashi na kuleta ubao mwingine wa rangi, na mgeni wa pili akaingia. Baada ya kuanza uso, alichora mwili na nguo kwa haraka kwa chaki nyeusi na nyeupe juu ya karatasi ya kijivu, kwa robo saa tu. Karatasi ile aliwapa wasaidizi wake, nao wakazichora nguo kwa kuzitazama nguo zenyewe, ambazo wenyewe walitakiwa wazilete karakanani. Mwisho van Dyck alipita juu ya kazi yao kwa mkono wake ikapata uhai. Na vile vidole virefu vyembamba vinavyosifiwa katika picha zake? Alikuwa na watu wa kuajiriwa, wanaume na wanawake, ambao kazi yao ilikuwa kukaa ili mikono yao ichorwe. Kwa hiyo yamkini mkono uliotua juu ya kichwa cha mbwa si wa Duke hata kidogo. Mimi niliyewahi kujaribu kuchora mkono wa mwenzangu wa kitanda cha juu, ukatoka kama chane ya ndizi, siwezi kumlaumu fundi kwa kuajiri mikono mizuri.

Haya yalinikumbusha picha ya babu yangu iliyotundikwa sebuleni kwetu. Ilipigwa studio, mjini, alipokuwa kijana. Amevaa koti jeusi na tai, ana saa mkononi, na nyuma yake kuna pazia lililochorwa bustani na ngazi. Koti lilikuwa la mpiga picha, na lilining'inia msumarini kwa ajili ya kila aliyeingia. Tai pia. Saa aliazima kwa rafiki yake. Nyumba yote inajua habari hizo, na bibi huzisimulia kwa kicheko. Lakini sijapata kumsikia mtu akisema kwamba picha ile ni ya uongo, kwa sababu uso ni wa babu. Nadhani hata watu wa Uingereza waliokwenda Blackfriars walijua kwamba mikono si yao. Ile saa moja ya kukaa kimya mbele ya van Dyck ilikuwa ya uso, na uso aliuchora yeye mwenyewe. Ukiuziba mwili wa Duke kwa karatasi, ukaacha uso peke yake, humwoni tena mkuu wa nchi. Unamwona kijana aliyechoka. Mtu wa kujipendekeza tu angeshindwa nini kumchora anatabasamu?

Wala wakubwa hawakumlipa kama inavyodhaniwa. Mwishoni mwa mwaka 1638 van Dyck alipeleka kwa mfalme hesabu ya picha ambazo hazijalipwa. Mfalme aliichukua kalamu akakata bei kwa mkono wake. Ile picha ya mwindoni, ambayo leo watu husafiri kutoka pande zote za dunia kuiona, iliandikwa pauni 200. Mfalme akafuta akaandika 100. Zaidi ya hayo, ule mshahara wa pauni 200 kwa mwaka ulikuwa haujalipwa kwa muda wa miaka mitano. Hazina ilikuwa tupu, kwa maana mfalme alikuwa amegombana na Bunge na kutawala bila ya kuliita tangu 1629. Sir Anthony akaendelea kuchora. Watu walikuwa wengi mlangoni pake, na karakana yake ilitoa picha nyingi mno, nyingine zikiwa za haraka na za wasaidizi zaidi kuliko zake.

Mwaka 1640 alimwoa Mary Ruthven, bibi mmoja wa jumba la malkia. Mwaka huo huo Rubens alifariki. Mwaka uliofuata van Dyck alikwenda Paris akitumaini kupata kazi kubwa ya kupamba jumba la Mfalme wa Ufaransa. Hakuipata, akarudi London mgonjwa. Tarehe 1 Desemba 1641 mkewe akajifungua binti, jina lake Justiniana. Tarehe 9 Desemba, siku aliyobatizwa mtoto, baba akafa. Alikuwa na umri wa miaka arobaini na miwili. Alizikwa katika Kanisa Kuu la Mtakatifu Paulo, na kaburi lake liliteketea pamoja na kanisa katika ule moto mkubwa wa London wa mwaka 1666.

Kifo hicho kilimwepusha asiyaone yaliyowapata watu aliowachora. Mmoja wao, Earl wa Strafford, waziri mwenye nguvu aliyechorwa katika deraya nyeusi, alikuwa amekwisha kukatwa kichwa tangu mwezi wa Mei 1641, baada ya mfalme kutia sahihi hati ya kumwua ingawa alikuwa amemwahidi usalama. Mwezi wa Agosti 1642 vita vikaanza kati ya mfalme na Bunge, Waingereza kwa Waingereza.

Sasa nirudi kwa Duke. Alikuwa na wadogo zake, na wawili kati yao, Lord John na Lord Bernard Stuart, walichorwa na van Dyck pamoja kama mwaka 1638, kabla ya kwenda safari ya miaka mitatu katika nchi za ng'ambo. Picha hiyo iko National Gallery, London. John alizaliwa 1621, kwa hiyo umri wake ulikuwa kama wangu mimi ninayeandika. Bernard alikuwa mdogo wake kwa mwaka mmoja hivi. Wamevaa hariri tupu. John amesimama juu ya ngazi, anatazama mbali kana kwamba yeye hayumo. Bernard ametanguliza mguu mmoja juu ya ngazi, amegeuza kichwa juu ya bega, na anatutazama kwa ule uso ambao sote tunaujua, uso wa mwanafunzi wa kidato cha juu akimtazama mgeni wa Kidato cha Kwanza. Nimeitazama picha hii mara nyingi kuliko ile ya Duke. Ndugu yao George aliuawa katika vita vya Edgehill, Oktoba 1642. John aliuawa kwa majeraha ya vita vya Cheriton, mwaka 1644. Bernard aliuawa Rowton Heath, Septemba 1645. Hakuna kati ya wale wawili wa pichani aliyefika miaka ishirini na mitatu.

Duke mwenyewe hakufa vitani. Alikuwa amekwisha kuongezewa cheo cha Duke wa Richmond mwaka 1641, akampa mfalme fedha zake, akawa naye mpaka mwisho. Huwa nafikiri juu ya yule mbwa wa pichani, ameinua uso anamtazama bwana wake ambaye macho yake yako kwingine. Sijui kama van Dyck alikusudia, lakini ndivyo alivyokuwa Duke kwa mfalme, na mfalme hakuwa mtu mwepesi kumtumikia.

Tarehe 30 Januari 1649 Charles alikatwa kichwa mbele ya jumba lake la Whitehall. Picha zake nyingi zikauzwa na serikali mpya kulipa madeni. Mwili ukapelekwa Windsor, na tarehe 9 Februari makabaila wanne wakaruhusiwa kuuzika. Duke wa Richmond alikuwa mmoja wao. Inasimuliwa kwamba theluji ilianguka wakati jeneza likipelekwa kanisani, mpaka kitambaa cheusi kilicholifunika kikawa cheupe. Askofu alikuwapo amekishika kitabu cha sala, lakini mkuu wa ngome alimkataza asikisome. Wakamshusha mfalme kaburini kimya, wakatoka. Duke aliishi miaka sita zaidi, akafa mwaka 1655, akiwa na umri wa miaka arobaini na miwili, umri ule ule wa mtu aliyemchora.